Siku Niliyojibu Sijambo

Mjukuu wangu alipokuja Tabora alisema anakaa wiki mbili. Alikaa mwaka na miezi saba. Ofisi yao iko Dar es Salaam, na kazi yake ni kupanga safari za malori: lipi lipakie bandarini leo, lipi limefika Singida, lipi limelala Igunga kwa pancha. Wakubwa wake waliwaruhusu wafanyie kazi popote penye mtandao. Kwa mama yake, binti yangu mkubwa aliyeolewa Lusu, mtandao unaupata ukipanda kichuguu. Basi akaja kwangu, Isevya.

Nilimpa meza ya kukunjia nguo, akaiweka ukumbini karibu na dirisha la uani. Asubuhi ananawa uso, anavaa blauzi nzuri juu na khanga chini, anakaa. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kazi naijua nikiiona. Ile ilikuwa kazi. Alikuwa akitoka pale macho mekundu kama aliyeshinda jikoni kwenye kuni mbichi.

Jirani yangu, mwanamke fundi cherehani ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, aliniuliza, "Mwenzangu, huyo mjukuu wako mchana kutwa anaongea na nani?"

"Anaongea na malori."

"Na malori yanajibu?"

"Yanajibu. Siyo kama wewe, mteja akikuuliza suruali yake unajifanya hujasikia."

Akacheka akaondoka, lakini mtaani akaendelea kusema mjukuu wangu hana kazi.

Barabara anayopangia malori ndiyo hiyo watu wetu waliyoikanyaga kwa miguu kwenda pwani, mizigo begani. Babu yangu alikuwa akisema zamani zao kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Wanaume walikwenda, wanawake walibaki. Kubaki nako ni kazi, na mimi nimeifanya miaka mingi. Nilimbakia mume wangu aliyekuwa mtu wa reli, anakwenda kutengeneza njia upande wa Tura, namwona baada ya siku kumi. Watoto nao nikawabakia, walipoondoka mmoja mmoja. Sikujua itafika siku mtu atakwenda pwani kila asubuhi huku amekaa ukumbini kwangu, na saa nane mchana tunakula pamoja.

Tulijifunza kukaa. Akisema, "Bibi, kikao," naacha kutwanga, nachukua ungo, nachambua karanga taratibu. Mtu akija nyumbani namwahi mlangoni kabla hajapiga hodi kwa sauti ya shambani. Kikao kikiisha anatoka uani, anajinyoosha mpaka mifupa inalia.

"Mke mwenza, leo tunakula nini?"

"Tunakula ulichopika."

"Sijapika kitu."

"Basi nawa mikono, umeshashiba."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa naamka nikifurahi. Kwetu hatusemi hivyo, na hata kama wengine wanasema, mimi sisemi.

Masika moja niliteleza bafuni na ndoo ya maji. Niliita mara moja tu. Mjukuu alikuwa kwenye kikao, akaja mbio na nyaya zake masikioni, akanishika kwapani, akaninyanyua peke yake, na mimi si mwepesi. Aliponikalisha kwenye kiti cha ukumbini nikasikia sauti ya mwanamume ndani ya kompyuta inauliza, "Kuna nini huko? Bibi amepona?" Kumbe ofisi nzima ilinisikia nikiguna. Mguu ulivimba siku nane. Aibu ilikaa zaidi ya hapo.

Haukupita muda ikaja barua, nayo ilikuja humo humo kwenye kompyuta. Mwezi ukianza wote warudi ofisini. Mwenye mgonjwa au mzee anayemtegemea aeleze, na afisa utumishi atapiga simu ya video ajionee.

Alinisomea tukiwa tunakula. Kisha akasema, "Nimeandika kwamba nakuuguza."

"Unamuuguza nani?"

"Wewe, bibi."

"Mimi nimelazwa lini?"

"Juzi juzi nimekuokota sakafuni."

"Uliniokota. Hukuniuguza."

Hakucheka. Alikuwa na mambo kichwani, akaanza kuyatoa. Akibaki Tabora analala vizuri, anakula vizuri, haamki saa kumi alfajiri kugombania usafiri ili afike kazini saa mbili. Lakini waliopandishwa cheo mwaka huu, alisema, wote ni wale wanaokutana na mkubwa kwenye ngazi. "Mimi ananiona kichwa na mabega tu. Siku moja atasahau kama nina miguu." Halafu anawakumbuka wenzake. Kazi ya peke yako, alisema, hata ukiipatia hakuna wa kukupiga begani.

"Sasa wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka kwanza nijue wewe unataka nini."

"Mimi nataka umalize ugali, unapoa."

Aliumaliza. Swali lake likabaki pale kwenye mkeka pamoja na vyombo, nami nikatoa vyombo.

Siku ya simu ilipofika aliniomba jambo moja. Nikae kwenye kiti, mguu juu ya mto. "Siyo uongo, bibi. Ndivyo unavyokaa kila jioni." Nikamwambia nimesikia.

Kusikia nilisikia. Lakini tangu nizaliwe sijapokea mgeni nikiwa nimejinyoosha. Niliamka mapema, nikafagia uwanja, nikaoga, nikapaka mafuta, nikatoa sandukuni doti ya khanga ambayo haijaguswa na maji. Nikaweka mezani sahani ya karanga na kibakuli cha asali. Najua mtu wa kwenye kioo hali karanga, sijapungukiwa akili. Nilitaka akute nyumba ina watu. Mjukuu alipotoka kuoga akanikuta nimesimama kando ya kompyuta. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka vidole.

"Bibi, unakwenda harusini?"

Mashine ikaanza kulia.

Afisa alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mdogo, mwenye adabu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za hapo nyumbani?" "Nzuri." Kwetu salamu inajibiwa kwa uzima. Hata kama ndani kuna maiti, unajibu salama kwanza, ndipo unasema ila. Shida inakuja nyuma ya hiyo ila. Na yule mwanamke alikuwa mtu aliyelelewa, maana baada ya salamu alinyamaza, akaningoja. Nafasi aliniachia. Niliiona kabisa. Mjukuu alikuwa amesimama nyuma ya kompyuta asionekane, kiganja mdomoni, ananitazama. Na mguu ulikuwa unaniuma pale pale niliposimama.

Alipoona sisemi akauliza mwenyewe. "Mjukuu ameeleza kwamba anakusaidia sana. Akirudi huku utabaki na nani?"

"Nitabaki na mimi."

"Kuna tatizo lolote, bibi? Sema tu, usiogope."

"Mwanangu, nina miguu miwili, na jirani nimepakana naye ukuta. Kijana hafungwi kwenye mguu wa mzee. Sijambo."

"Ahsante, bibi. Umetusaidia sana," akasema, na uso wake ukaondoka.

Mjukuu aliifunga kompyuta polepole. Nilitegemea alie, hakulia.

"Ungesema neno moja tu."

"Nidanganye?"

"Usingekuwa uongo na unajua."

"Kwa hiyo ulitaka nikuombe mbele ya watu wa kazini kwako."

"Yule sikuwa na shida naye," akasema. "Nilitaka nikusikie mimi."

Akavuta sahani ya karanga, akazila zote akiwa amesimama, moja baada ya nyingine, bila kunitazama. Kisha akaenda kupanga nguo.

Nilimsindikiza stesheni kwa bajaji. Tulipofika akajikaza kunitania. "Haya, mke mwenza, mume nimekuachia peke yako." Nikamwambia, "Mume yuko makaburini mwaka wa tisa, ungeninyang'anya nini?" Akacheka mpaka akafuta macho, na mimi nikamwacha aseme ni kicheko. Nilirudi kwa bajaji ile ile.

Watu hapa mtaani walinisifu. Jirani alisema nimefanya kiutu uzima, nimemwacha mtoto akatafute. Na ni kweli niliogopa kwamba akibaki kwa ajili yangu, siku wenzake wakipandishwa cheo atautazama huu mguu wangu kwa jicho jingine. Hiyo ni kweli. Lakini haikuwa hiyo iliyonisimamisha siku ile na khanga ya sanduku. Kilichonisimamisha ni kiburi. Miezi hii yote nimekaa nacho, nakigeuza huku na huku, na sijakipatia jina jingine.

Sasa natwanga saa yoyote ninayotaka. Ikifika saa nne asubuhi, saa ya kikao chake, mkono wenyewe unasimama na mchi juu, nasubiri niambiwe kimya, na kimya kipo tayari. Kwenye ile meza nimerudisha nguo. Wageni wanapiga hodi kwa sauti wanayotaka, nami nawaacha wapige hata mara tatu. Zamani nilikuwa najua kama mvua imekata njia Igunga, najua dereva gani amelala wapi na nani anamdanganya nani. Siku hizi naona tu vumbi la lori, sijui linatoka wapi.

Anapiga simu Ijumaa jioni. Habari, nzuri. Mguu, upo. Umekula, nimekula. Tunamaliza.

Wiki iliyopita alipiga Jumanne, mchana, akiwa ofisini. Alisema alikuwa na nafasi kidogo tu, anataka asikie sauti. Nilikuwa nimekaa kizingitini, mguu nimeunyoosha. Tulipomaliza salamu zote akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Halafu nikasikia nasema, "Siku ile ya simu, nilitaka ubaki."

Nikadhani mtandao umekatika, nikaitazama simu, namba zilikuwa bado zinahesabu dakika.

"Nakutaka hapa," nikasema. "Nilikutaka hapa tangu siku uliyokuja. Sikuombi uje. Nakuambia tu."

"Nimesikia, bibi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nyuma yake nilisikia viti vinavutwa, na watu wanacheka, wengi, kicheko cha watu waliozoeana. Mtu akamwita aje haraka, wanamngoja yeye.

"Bibi, usikate," akasema. "Ngoja niwaambie nakuja. Usikate."

Sikukata.