Pengo la Kayaba

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa kule kwetu milimani, ukuta wa mawe ulikuwa wa kanisa na wa chifu tu. Sisi wengine tulizungushiwa kayaba, ule mti wa miiba, na matunda yake ya manjano tuliyala kwa chumvi mpaka meno yakaingia ganzi. Kati ya boma letu na la jirani yetu Mama Wanja palikuwa na pengo lililolainishwa na migongo yetu. Tulipitia hapo kuazima makaa ya moto, chumvi, hata mtoto wa kutumwa dukani. Ukichapwa kwao kwa utundu, ukirudi unalia, mama anauliza, "Amekuchapa vizuri?" kisha anaongeza zake.

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama aliangalia paa la jiko la Mama Wanja. Moshi ukiwepo, basi, wameamka salama. Usipoonekana, anaita juu ya ua, "Mama Wanja! Mmeamkaje huko?" Naye alituangalia vivyo hivyo. Asubuhi ile baba alipozidiwa na ugonjwa, mama hakukumbuka kuwasha moto. Mama Wanja ndiye aliyeingia pengoni wa kwanza, miguu mitupu, mkono umechanwa na miiba.

Leo naendesha gari la madam hapa mtaa wa Al-Safa, Jeddah, Saudia. Ukuta wa nyumba hii unanizidi kimo mara mbili, na wa jirani vilevile. Miaka yote hii sijui hata wanapika nini. Siku moja nilimuuliza madam majirani wale ni akina nani. "Unawatakia nini? Yalla, twende." Halas, yaani yameisha, nikawasha gari.

Juzi mdogo wangu Njoroge alinipigia simu. Anataka kung'oa kayaba amjengee mama ukuta wa mawe, maana sasa anaishi peke yake. Anangoja neno langu, mimi mkubwa. Vijana hawa! Mgeni akibisha hodi wanatazamana, eti mbona hakupiga simu kwanza? "Brathe, ni usalama," akaniambia. "Kila mtu amejenga."

Nikampigia mama, nikamweleza habari ya ukuta, kisha nikamuuliza kama bado anahangaika na kuni ilhali tulimwekea gesi.

"Chai napikia gesi," akasema. "Lakini moto nawasha kila asubuhi, Mama Wanja aone moshi. Sasa mkiziba pengo, siku akiukosa atapitia wapi?"

Nimemwambia Njoroge kayaba isiguswe. Amenuna. Na anune.

Mimi nimechoka, jamani. Leo nimeamka na homa, chumbani kwangu hapa kando ya geti, nikashindwa hata kuinuka niwashe birika la umeme. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia dereva wa jirani akiosha gari, akamaliza, akaenda zake. Jua lilipokuwa limepanda sana, simu ikalia. Nikaishika upesi.

Alikuwa madam. "Gari liko wapi?"