Sifuri Niliyoionyesha kwa Fahari

Mimi ni fundi wa mtandao hapa Kamembe, na napenda sana kuelezea watu mambo. Juzi nilieleza hadi nikajiumbua.

Maman Chantal anaongoza ushirika wa wafanyabiashara wanaovuka kwenda Bukavu. Alitaka mtandao wa ofisi uende mbio, lakini programu ya ulinzi iendelee kuzuia wavamizi. Nikifaulu, angenipa na kazi ya ofisi yao ya pili.

Nikaiga daraja la mpakani la Rusizi ya Pili, ambako mama muuza ndizi akishajulikana na walinzi hapotezewi muda. Nikaiagiza kompyuta ikague pakiti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha data, ya kila mawasiliano, na zinazofuata zipite njia ya mkato bila kukaguliwa.

Kasi ikawa ya ajabu. Nikawaita wote wa ofisini waone hesabu kwenye skrini: pakiti zilizopita, mamilioni; zilizozuiwa, sifuri.

“Mnaona?” nikasema. “Mtandao wenu ni safi kabisa.”

Maman Chantal akaitazama ile sifuri. “Papa Eric, jana ilizuia ngapi?”

“Mamia, Maman.”

“Sasa pale daraja, siku hakuna muntu anazuiwa, ni juu bantu bote beko bazuri, ao ni juu mulinzi haiko?”

Nikafungua maagizo yangu, nao wakayasoma nyuma ya bega langu. Njia ya mkato niliianzisha kabla ya kumfikia mkaguzi, yaani ile programu ya ulinzi. Hata pakiti ya kwanza haikuwahi kukutana naye.

“Ile ofisi ya pili,” akasema kwa upole, “ingojee kwanza.”