Mama Anaumwa Kidogo

Karatasi ya masharti ilibandikwa ukutani, pale getini kwenye gereza la mjini, imechapwa kwa taipu, kona moja imeliwa na mende. Niliisoma mara mbili. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, na kusoma vitu vilivyobandikwa ukutani ilikuwa karibu kazi pekee niliyoipata kwa elimu ile. Barua moja kwa mwezi. Karatasi moja, pande mbili. Iandikwe kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kabila. Bahasha isifungwe. Usitaje kesi, usitaje askari, usitie fedha wala stempu ndani.

Nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha. Kaka yangu alikuwa amepewa miaka saba kwa kukutwa na mashine ya boti ya watu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vya minofu vimefunguliwa ufukweni, sangara wanapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunakula mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, na mashine ya boti ilikuwa inalindwa kuliko mwenye boti. Wiki ile walikuwa wanamhamishia gereza la shamba, mkoa mwingine, treni kisha lori. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwenye cherehani yangu barazani, Igoma, pembeni mwa Mwanza, mpaka sokoni kununua uzi. Magu, kwenye asili yetu, nilikwenda mara moja, kumzika baba, na njia nzima nilikuwa nawaza kama nimefunga mlango. Kwa hiyo niliposoma kwamba ndugu anaweza kuandika, niliona serikali imenifikiria mimi binafsi.

Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alikaa kwenye mkeka, akasema kwa Kisukuma, mimi nikageuza.

"Muulize amelalaje. Muulize wenzake wamelalaje. Muulize mvua huko imeanzaje."

"Mama, upande mzima umekwisha na bado tunaamkiana."

"Sasa nisimwamkie?"

"Mwamkie, lakini kwa kifupi."

"Kwa kifupi wanaamkiana waliogombana," akasema, akaendelea na mvua.

Mwisho alitia kidole gumba kwenye wino wa kalamu niliyoipasua kwa ajili hiyo, akakigandamiza chini ya karatasi. Ilikuwa sahihi yake. Kaka alijibu kwamba wenzake wanaona wivu, wao wanapata barua tupu, yeye anapata barua yenye kidole cha mama.

Baada ya barua ya tatu, bahasha ya kaka ilikuja na kikaratasi cha afisa anayekagua. Alama zisizo maandishi haziruhusiwi. Nadhani alihisi kidole kile ni ishara ya siri, labda mpango wa kutoroka. Mama nilimweleza.

"Kidole changu kimewakosea nini?"

"Hawakijui, mama."

"Waje wakione."

Basi barua ya nne ilikwenda bila kidole. Na mwezi ule mguu wa mama ulikuwa umevimba, ana kidonda kisichofunga, anashinda amelala. Salamu zake zilijaza karatasi kama kawaida. Pembeni ilibaki nafasi ya mstari mmoja, na mimi, bila kumuuliza, nikaandika: Mama anaumwa kidogo, usiwe na wasiwasi.

Nilikunja, nikapeleka posta, nikarudi kushona. Hata sikujisikia vibaya.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu kwetu analijua, na mimi nililisahau kwa sababu ya kujiona mwandishi. Kwetu kifo hakitumwi kwa mtu aliye mbali. Anatumiwa ugonjwa. Baba alipofariki, kaka alikuwa kisiwani anavua, tukampelekea neno kwamba baba anaumwa kidogo. Alifika kesho yake, sanda ameshainunua, ameibeba begani. Hakuna aliyeshangaa. Anayeumwa kweli anatajwa kwa ugonjwa wake: malaria, tumbo, mguu. "Kidogo" ni ya marehemu.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Lilikuwa limejaa mbele na nyuma. Nilianza kulisoma kwa sauti, mama akiwa kwenye mkeka, na nikameza mstari wa pili ukiwa tayari mdomoni. Kaka alikuwa ameandika: Nimepokea na nimeelewa. Msijisumbue kunificha, kidole nimeona hakipo. Mmemlaza Magu karibu na baba, au hapo hapo mjini? Niambieni hilo tu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anakuamkia."

"Na nini tena?"

"Anauliza umelalaje."

"Karatasi yote hiyo anauliza nimelalaje?"

"Si amejifunza kwako."

Alicheka mpaka akashika mguu. Mimi nilikwenda jikoni, nikasimama pale, sina ninachopika.

Nikaandika upya. Mama yuko hai. Ni mguu, ni kidonda, leo asubuhi amekataa uji akisema nimeunyima sukari. Nilitumia karatasi yote kwa ajili yake, nikaweka kila kitu ambacho mtu hawezi kutunga. Akajibu mwezi uliofuata: Mdogo wangu, nashukuru, lakini acha kunilea. Kama yuko hai, atie kidole.

Nikamwambia mama atie kidole, nikasema liwalo na liwe. Barua ilirudi, ina mhuri mwekundu wa kukataliwa, na kidole cha mama kimezungushiwa duara kwa kalamu, kama kosa kwenye daftari la shule.

Ikabaki njia moja, nayo ni miguu yangu. Kumpeleka mama haikuwezekana, hata choo alikuwa anafika kwa kubebwa. Kaka angeniona mimi, angenitazama usoni, angejua. Nilijua hivyo tangu siku ile. Lakini Januari ilikuwa imeingia, na mitumba ilikuwa imetuachia kushona sare za shule tu, nikasema nimalize sare. Nikamaliza, nikasema mvua imekata reli. Ilikuwa imekata kweli, siku tatu. Nikasema nani atabaki na mama. Jirani akasema, "Mimi." Nikamshukuru, nikatafuta sababu nyingine.

Mama hakujua lolote kati ya haya. Yeye alitaka niende kwa jambo lake. Ng'ombe wetu mmoja, aliyekuwa kwa mjomba kule Magu, alikuwa amezaa.

"Nenda kamwambie ndama ni wake. Jike. Akitoka ataanza na huyo."

"Nitamwandikia."

"Ng'ombe haandikwi. Mtu anaambiwa kwa mdomo."

Alifariki mwezi wa tatu, Jumanne, nikiwa nimemshikia kikombe. Tulimlaza Magu. Siku ya kumi na mbili nikapanda treni, na niliona kwamba safari ile haikuwa na ugumu wowote. Unakaa tu, inakupeleka.

Gerezani walituweka pande mbili za meza, askari mmoja amekaa kwenye kona na daftari lake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefika mwenyewe? Nani amekuonyesha stendi?"

Alikuwa amekonda, lakini amesimama sawasawa. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Akaanza yeye.

"Hapa tunanyolewa wote kila wiki. Nilifiwa, na hakuna aliyeona tofauti." Akatazama mikono yake. "Nimeshamaliza. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya, sikula, waliniweka zahanati. Sasa nimetulia. Alipata shida?"

"Hapana."

"Ilikuwa siku ile uliyoandika?"

Askari aliinua kichwa. Nadhani ndiye aliyekuwa anakagua barua, maana alinitazama kama mtu anayesubiri kusomewa mwisho.

"Siku mbili kabla," nikasema.

"Na ile nyingine? Yuko hai, ni mguu?"

"Nilikuwa nakuliwaza."

"Unajua kuongopa, mdogo wangu. Lile la uji kukosa sukari, pale nusura niamini. Usiku mzima sikulala. Nikasema, huyu hawezi kutunga hili." Akatikisa kichwa. "Kumbe shule ilikusaidia."

Nikasema ndiyo, ilinisaidia. Barua mbili za kweli nilizopata kuandika maishani nikazikana zote mezani pale, mbele ya aliyezigonga mhuri. Salamu zote za mama za miezi mitano, na alizitoa kila siku, sikuwa na mahali pa kuziweka, maana kwa hesabu ya kaka alikuwa ameshazikwa. Lakini ndama nilishindwa kumwacha.

"Ng'ombe amezaa," nikasema. "Jike. Ni wako."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Tangu lini wewe unagawa ng'ombe?"

Alikuwa anatabasamu, ananitania kama zamani, anasubiri nimjibu. Askari akafunga daftari, akasema muda umekwisha. Kaka akasimama, akaniambia nisisahau kushuka Mwanza, treni haiendi mbele zaidi.