Kompyuta Nzito ya Shemeji Rula

Mume wa dada yangu mkubwa tunamwita Rula. Jina hilo alilipata ofisini, alikokuwa akichora ramani za mabomba ya maji, kwa sababu hakuweza kuona kitu kimepinda akanyamaza. Nilipofungua kibanda changu cha ufundi alikuja kunipongeza, akasimama mlangoni, akaitazama rafu ya juu na kusema upande wa kushoto umelala. Nikamwambia rafu hiyo imepimwa na seremala. Akasema basi seremala naye apimwe. Tulicheka, kisha nikachukua pimamaji, na upande wa kushoto ulikuwa umelala kweli.

Huyo ndiye Rula niliyemjua. Ofisi ilipovunja kitengo cha wachoraji, waliitwa mmoja mmoja, wakarudisha funguo, wakaenda zao. Dada anasema alirudi nyumbani na kikombe chake cha kazini, akakiosha, akakipanga kabatini pamoja na vingine, akauliza kama kuna nguo za kuanua. Hakulalamika wala hakumlaani mtu. Mimi, ambaye hasira hunipanda hata kamba ya kiatu ikikatika, nilimsifu mbele za watu kwamba amejikaza kisabuni. Nilimsifu bure. Hakuwa amejikaza hata kidogo, alikuwa ameingia ganzi, na sisi sote tukaiita subira.

Baadaye ikatokea nafasi. Shirika jingine la maji lilitaka mchoraji, na mkubwa wa pale alikuwa anazijua kazi za Rula tangu zamani. Walichoomba ni michoro mitatu ya kituo kidogo cha pampu, waone kama mkono wake bado upo. Dada alifurahi kupita kiasi. Aliwapigia simu ndugu wote, wa kwetu na wa kwa Rula, na tangu siku hiyo kila aliyemuuliza hali ya mumewe alijibiwa kwamba anachora, ila kompyuta inamwangusha. Eti ukibonyeza kitu unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukaikuta bado inawaza.

Nikaahidi kwenda kuitazama, nikapiga danadana kwa sababu ya kazi zangu, mpaka Jumamosi moja dada akanipigia kwa sauti ambayo siku hizi haitumii kwangu, ile ya kunituma dukani tulipokuwa wadogo. Nikafunga kibanda, nikaenda.

Alinipokea mlangoni akiwa bado na koti lake jeupe la duka la dawa anakouza. Akanivutia pembeni, karibu na ndoo za maji.

"Mwisho wao ni Jumatatu," akasema. "Wasipoiona michoro hawatamwita tena. Na mimi, mdogo wangu, sina njia nyingine ya kumwamsha huyu mtu. Hii ndiyo ya mwisho."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kompyuta nzito ndiyo chakula changu.

Rula alikuwa chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa stoo. Kulikuwa na kitanda chembamba kilichojaa nguo za kupigwa pasi, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na meza yenye kompyuta ya miaka mingi, kava lake limegeuka manjano. Yeye amekaa mbele yake kwenye kiti cha mbao, amevaa shati la kazini lililonyooshwa, amefunga vifungo mpaka vya mikononi. Nikamsalimu, akajibu nzuri. Nikamuuliza afya, akajibu nzuri. Nikamuuliza hii mashine vipi, akasema nayo nzuri, ila ni nzito.

Watu wakiona kompyuta inajikokota hukimbilia bisibisi, au hukimbilia dukani kutafuta nyingine. Mimi huanza na mipangilio. Mara nyingi mashine haiumwi popote, imebebeshwa tu mizigo isiyo yake. Nilifungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, nikakuta msururu: ya redio, ya hali ya hewa, ya mashine ya kuchapia ambayo nyumba hii haijawahi kuwa nayo. Nikazitoa alama ya tiki moja baada ya nyingine. Nikaenda kwenye madoido ya kioo, yale madirisha yanayofifia kwa madaha, vivuli chini ya maandishi, vitufe vinavyong'aa ukivipitia, nikaondoa yote. Nikafuta mafaili ya muda yaliyorundikana, nikamwaga pipa la takataka, nikapita na mipangilio mingine midogomidogo. Muda wote huo nilikuwa nampigia soga. Nilimwambia mashine yake ni kama mgeni anayesafiri na vyombo vya jikoni. Zamani angenijibu, tena jibu la kunikata maini. Sasa kila nikimaliza sentensi alisema sawa.

Nikaizima, nikaiwasha upya. Iliinuka haraka hata mimi mwenyewe nikashangaa. Nilitaka kupigiwa makofi, nikajipigia mwenyewe mapaja.

Nikamwambia afungue mchoro wake tuone mwendo. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya na haukusogea. Nikadhani ananipisha, nikafungua mwenyewe. Kulikuwa na mafaili matatu yenye jina la lile shirika. La kwanza likafunguka papo hapo: mistari ya pembeni ya karatasi, kisanduku cha jina lake chini kulia, na katikati hakuna kitu. Nikafungua la pili, hivyohivyo. La tatu, hivyohivyo.

Nilikuwa nimefuta mafaili mangapi, na pipa nimelimwaga mwenyewe kwa mbwembwe.

"Shemeji," nikasema, "nimefuta kazi yako."

"Hukufuta kitu," akasema. "Hakukuwa na kitu."

Nikamwangalia. Akaendelea kwa sauti ileile ya nzuri na sawa. Alinieleza kwamba akiiwasha asubuhi inachukua muda wake, na dada anaondoka kwenda kazini akimwona amekaa mezani. Inapofunguka kabisa saa za chakula zimekaribia. Akibonyeza faili, anangoja tena. Hapo dada anarudi, anamuuliza imeendaje, anamwambia imesumbua. Siku imekwisha, na hakuna aliyesema uongo mkubwa.

Niliwaka. Nilimwambia dada anazunguka mji mzima akimpigia debe, anasimama kutwa nyuma ya kaunta, anarudi na miguu imevimba. Nikamuuliza haoni hata aibu. Hakukasirika. Aliangalia mikono yake kama mtu anayetafuta mahali alipoumia.

"Naitafuta, shemeji," akasema. "Hata hasira nimeitafuta. Siipati. Nakaa hapa najua natakiwa niumie, na siumii."

Hasira yangu iliniishia palepale. Niliona haya. Nikageuza uso, ndipo nikamwona dada mlangoni na sinia la chai.

Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikuwa anatazama kioo, ile karatasi tupu yenye jina la mumewe pembeni. Akaliweka sinia kitandani juu ya nguo, taratibu, asimwage. Nilingoja alie au apige kelele, nami ningejua la kufanya. Hakufanya hata kimoja. Uso wake ulikuwa umetulia vilevile kama wa Rula, na hilo ndilo lililonitisha.

"Irudishe," akaniambia.

"Nirudishe nini?"

"Kompyuta. Irudishe ilivyokuwa."

Nikamwambia Jumatatu bado, kesho ni siku nzima, naweza kukaa naye tukachora hata mmoja. Akatikisa kichwa.

"Jumatatu nitawaambia mashine imetushinda. Na ndugu wakikuuliza, na wewe sema hivyo." Alivuta pumzi. "Ikiwa nzito, mimi nina mume anayehangaika na kazi. Ikiwa nyepesi, nina nini?"

Rula hakugeuka. Nikavuta kipanya.

Tangu nimeanza ufundi sijawahi kuharibu kitu cha mtu kwa makusudi. Siku hiyo niliharibu, kwa mikono hii, mbele ya wenyewe. Nikaiwashia redio tiki yake, na hali ya hewa, na ile mashine ya kuchapia isiyokuwapo. Nikavirudisha vivuli na madoido. Chai ilikuwa inapoa kitandani na hakuna aliyeigusa. Nilipofika kwenye mpangilio wa nguvu za mashine, ule unaoiambia itumie uwezo wake wote au kiasi tu, nikakwama. Nilikuwa nimeupeleka juu bila kuangalia mwanzo ulikuwa wapi. Nikaanza kubahatisha.

Rula akainama mbele, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kioo. Sauti yake ilikuwa ile ya siku ya rafu.

"Hapana, shuka chini zaidi," akasema. "Chini kabisa. Zamani ilikuwa juu, lakini haikuchukua muda wa kutosha kufunguka, nikaishusha mwenyewe."

Dada alikuwa bado amesimama mlangoni, na alisikia kila neno.