Barua ya Mwanangu Niliificha Chini ya Godoro

Nyie wa ukurasa huu, jina langu lifichwe vizuri, maana mwanangu naye anawasoma. Mie ni bibi wa miaka sitini na nane, au sabini, aliyejua hesabu hiyo ni marehemu mama yangu. Naishi huku Temeke. Shule sikwenda hata siku moja. Anayeniandikia ni mpangaji wangu, nimemwambia akibadilisha neno langu atafute chumba kwingine.

Kazi yangu ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua mtaa huu naitwa, namkanda kwa maji ya moto tumbo, mgongo na nyonga mpaka arobaini yake iishe. Wengine niliwakanda mama zao, sasa nawakanda wao.

Mtoto niliyebaki naye ni mmoja, wa kike. Yeye na mumewe wanaishi Ulaya mwaka wa tisa huu, wana kadi zao za ukaazi wa kudumu. Mimba ilimsumbua sana kuipata. Mwaka jana akaja na tumbo la miezi minne, akaniambia, "Mama, nakaa na wewe miezi mitatu, halafu nakwenda kujifungulia kule. Kila kitu nimeshaandikisha."

Nikamuuliza, "Na wa kukukanda huko ni nani?"

Akacheka. "Kule hakuna kukandwa, mama. Unajifungua leo, kesho uko kwako unajipikia chai."

"Basi hao si wazazi, ni kuku wa mayai."

Tulicheka wote, ila lile neno lilinikaa. Kwetu mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama. Nimekanda watoto wa watu miaka yote, wa kwangu akajipikie chai kwenye baridi, peke yake, tumbo halijarudi?

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, watu wa ndege wakataka barua ya daktari inayosema mimba ina wiki ngapi na kwamba anaweza kusafiri. Tukaenda kliniki, akapimwa, wakasema barua ifuatwe kesho kutwa. Miguu ilikuwa imemvimba kidogo. Nikamwambia, "Wewe kaa, nitaifuata mie." Nesi akanipa mkononi. Kusoma sijui, lakini mhuri naujua. Nikaitia kifuani, nikafika nyumbani nikaiweka chini ya godoro langu.

"Umeipata, mama?"

"Daktari yuko semina. Wamesema wiki ijayo."

Wiki hiyo ilipofika nikavaa baibui langu, nikaenda Buguruni kwa shoga yangu, tukanywa kahawa, nikarudi. Nikasema mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amefiwa. Mara ya tatu alitaka kwenda mwenyewe, nikamwambia jua kali, atazimia njiani, nikatoka tena. Hata sikumbuki siku ile nilirudi na uongo gani. Kuja kushtuka, watu wa ndege wanasema wiki za mimba zimezidi, hawampakii. Alilia kutwa nzima. Akazisema hospitali zetu, akausema uzembe wa watu wetu, na mie nimekaa palepale nachambua mchele, naitikia, "Ndivyo walivyo." Yule nesi wa watu mpaka leo nikimuona nabadilisha njia.

Msidhani nilitaka kumharibia. Kwa akili yangu mtoto mchanga ni wa mgongoni. Kwenye basi halipi nauli wala haulizwi kitu, anaingia na mama yake. Nikajua na huko ni hivyohivyo, arobaini ikiisha atambeba mwanawe, atapanda ndege, yameisha.

Akajifungua salama, mtoto wa kike. Kwa utani wa bibi na mjukuu nikampa jina, Mke Mwenzangu. Nikamkanda mama yake siku zote arobaini, nikamlisha uji wa pilipili manga na supu ya pweza, tumbo likarudi kama la mwali. Zile siku arobaini nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata.

Kisha yakaja ya makaratasi. Kwa vile amezaliwa huku, mtoto anatakiwa awe na kibali chake mwenyewe cha kuingia. Wameomba. Jibu ni wasubiri, mpaka lini hawasemi. Na kadi ya mama yake nayo ina sharti: akikaa nje mwaka mzima, imekufa, anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kufika, na mume yuko kule. Mwaka wenyewe umebaki wiki chache. Anaondoka Alhamisi ijayo. Mtoto ana miezi mitano na nusu, anabaki na mie.

Wiki hii anamwachisha ziwa. Maziwa yamemjaa, yanamuuma, gauni linalowa mbele. Jana akajilaza mkekani, akaniambia, "Mama, nikande yakauke." Nikachemsha maji, nikamkanda. Mtoto chumba cha pili analia na chupa yake, mama mtu kajiziba uso kwa kanga, na mie mikono inakwenda tu. Nilitegemea nitalia. Sikulia. Tangu siku ile tikiti ilipokatwa sisikii uchungu, sisikii njaa, hata nikiungua na maji nashangaa tu ngozi imebabuka.

Akasema, kanga bado iko usoni, "Afadhali namwacha kwako. Wewe peke yako ndiye hujawahi kunidanganya."

Nikamwambia, "Geuka upande huu."

Barua ipo palepale. Mpangaji wangu huyu ameisoma leo, anasema imeandikwa kwamba anaruhusiwa kusafiri. Anasema niichome ninyamaze, mtoto anahitaji bibi, na mama yake anahitaji moyo wa kuondoka nao. Nikimwambia mwanangu, huenda akamchukua mtoto akampeleka kwa mawifi zake, na hapo nimewakosa wote wawili. Nisipomwambia, anapanda ndege akimlaumu nesi asiye na kosa, na kila akipiga simu kumuona mwanawe atakuwa ananishukuru.

Nyie mliozaa, na nyie mlioachwa mkalelewa na bibi zenu, semeni nami. Msinionee haya kwa uzee wangu, nitasomewa yote. Nimpe barua yake kabla ya Alhamisi, au nimwache aende akiniamini?