Karatasi za Kufungia Sketi

Mimi si mtu wa kushangaa hovyo, lakini shangazi yangu aliniweza. Ni fundi cherehani wa miaka hamsini na nane. Chumba cha mbele tunashona sketi na suruali za watu. Chumba cha nyuma tunashona mikanda ya parachuti za jeshi, na hiyo ndiyo inayotulisha wote saba.

Mwaka huu jeshi likaleta masharti mapya: kila karakana, hata ndogo kama yetu, ilinde michoro yao isiibwe kwenye kompyuta, la sivyo mkataba unakatwa. Kijitabu kizima! Mimi ukurasa wa kwanza tu nilinyoosha mikono. Shangazi akavaa miwani, akakisoma chote. Miezi mitatu baadaye kila mtu alikuwa na neno lake la siri, kompyuta ya michoro haikugusa intaneti, na flashi zilikaa kabatini chini ya kufuli. Siku moja nilimwomba neno lake la siri, nina haraka.

"Mwanangu, hata marehemu mume wangu nisingempa."

Alhamisi akaja mkaguzi, bwana mmoja mkimya. Alipekua kompyuta asubuhi nzima, hakuona kasoro. Alikuwa chumba cha nyuma akijaza fomu ya kutupitisha wakati mteja alipokuja kuchukua sketi. Nikaikunja, nikaifunga kwa karatasi ya kukatia kitambaa iliyokwisha kazi, kama tulivyofanya miaka yote. Karatasi ngumu vile, nani atupe? Mteja akaenda zake.

Shangazi alikuwa ananitazama mikono. Akainama kwenye rundo chini ya meza, akageuza karatasi moja. Mchoro wa mkanda, na vipimo vyote. Kumbe kompyuta tumeifunga, na siri tunawagawia wateja bure!

Nikamvuta pembeni. "Shangazi, nakuomba, nyamaza. Akishasaini tunazichoma zote. Tuko watu saba!"

Akautoa mkono wangu taratibu, akaenda kuiweka karatasi mbele ya mkaguzi. "Usisaini, bwana. Hii hukuiona."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Mama, ungeniacha tu niende zangu."

"Ningeweza. Lakini atakayening'inia kwenye mkanda huu hanijui, na ameniachia roho yake."

Mkataba ukasimamishwa siku ileile. Nililia, na haki ya Mungu nilimkasirikia. Yeye akachukua daftari la wateja, akavaa raba, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine akiomba karatasi. Siku ya pili nikamfuata, ningefanyaje? Mmoja alikuwa ametandika ndani ya droo, mwingine amefunikia vitabu. Wiki tatu, miguu imemvimba, wala hakulalamika hata mara moja. Usiku nilikuwa namwangalia akikandwa miguu na kujiuliza mimi nimetoka ukoo gani huu.

Mkaguzi aliporudi, Shangazi alimpa orodha: arobaini na sita zimepatikana, tisa zimepotea, na nyumba zilikopotelea.

"Hata hizi tisa umeziandika?"

"Si zimepotea?"

Akavuta kiti, akakaa. "Mama, kabla ya kazi hii niliruka na mikanda hii miaka kumi na moja. Sijawahi kumwona anayeishona." Akasaini fomu ya kutupitisha.

Mimi machozi yananitoka. Shangazi yeye akavua miwani, akamsogelea.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Ilikuwa haikubani mabegani?"