Profu Alipokuja Kumuuliza Mama Kuhusu Chumvi

Enzi zetu hapa Kindu, miaka ya vita, kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Wenzangu mliobanana kwenye yale madawati mnakikumbuka: riwaya ya Kifaransa isiyo na jalada, hata jina la mtunzi hatukulijua, inanuka moshi wa kila jiko ilikopita. Kila mmoja alikaa nacho siku mbili. Zamu yako ikiangukia Ijumaa ulijiona tajiri, maana Jumapili haikuhesabiwa. Watoto walikuita ukaruke kamba, ukawapungia mkono tu huku unameza kurasa.

Aliyetufundisha ni Profu Ntumba, mrefu, mwembamba, suruali kaifunga kwa kamba. Watu wake wote walikuwa mbali, Kasai, na treni ilikuwa imeacha kuja. Alipenda ishara kuliko kitu chochote. Kwake mlango wowote kitabuni ulikuwa mauti, na jogoo alikuwa utawala. Sisi wenye njaa tulimwona jogoo yule ndani ya sufuria, lakini tuliandika "utawala".

Basi, katikati ya kitabu mjane mmoja anatia chumvi yake yote ya mwisho kwenye chakula cha mgeni. Profu akatuagiza insha: chumvi ile ni ishara ya nini? Mwaka ule chumvi ilikuwa adimu mjini. Iliuzwa kwa kijiko, na Mama aliifunga yake kwenye ncha ya kitenge.

Nilimsomea ukurasa huo akitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, nikimgeuzia Kifaransa kwa Kiswahili. Mama hakuwahi kukaa darasani. Nikamwambia jibu ni ukarimu. Akaacha kutwanga.

"Ukarimu gani? Huyu mama iko na woga. Mugeni akienda kusema kwake chumvi hakuna, nani atakuja kuoa mabinti yake?"

Nikaandika hivyo hivyo. Profu aliporudisha karatasi, yangu haikuwa na alama. Akaniuliza mbele ya wote jibu lile nimelitoa wapi. Nikasema kwa Mama. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akasema Jumamosi atakuja nyumbani.

Nilijua nafukuzwa shule. Jumamosi mchana akafika, kitabu kwapani. Mama alikuwa amenituma nyumba tatu kuomba chumvi kidogo, nami nimerudi mikono mitupu. Nikabaki namwangalia Mama atafanyaje. Akamwekea mgeni bugali na sombe, akakaa.

"Profu, hii sombe haina chumvi," akasema. "Naona haya kukuambia, lakini nakuambia."

Profu akanawa mikono.

"Mama, haya hiyo njo sikuiona mu kitabu," akasema.

Akala mpaka sahani ikang'aa. Kisha akaomba karatasi yangu, akaandika nane juu ya kumi. Mbili alizozuia, alisema, ni za makosa ya tahajia.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi hadi kitabu kikaisha. Walibishana mpaka majirani wakasogeza vigoda. Suala la jogoo Mama alilikataa kabisa. Alisema mwandishi alikuwa na njaa tu. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipotambua kwamba Profu, miezi yote ile bila mshahara, huenda alikuja pia kwa ajili ya sahani. Treni iliporudi, naye akarudi kwao.

Leo nafundisha fasihi hapa hapa mjini, mtaa wa Mikelenge, na Mama ametangulia. Wanafunzi wangu wana vitabu chungu nzima ndani ya simu. Ukiuliza ishara hii ina maana gani, kabla hujafunga mdomo umejibiwa kutoka simu hiyo hiyo, na majibu yote yamevaa sare moja mpaka kwenye koma. Hawakosei, watoto hawa. Hawaulizi mtu, hivyo hawabishani na mtu.

Mwezi uliopita niliwaagiza wamsomee mkubwa wa nyumbani ukurasa mmoja kwa sauti, wanieleze alisema nini. Katika darasa zima alifanya msichana mmoja tu. Akasimama kwa aibu, akasema bibi yake alisinzia mapema, ila alikuwa amemshika mkono, kwa hiyo yeye akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Nilimpa kumi. Wenzake wakalalamika kwamba hakuleta jibu lolote. Nikawaambia ni kweli, na nikaiacha kumi yake pale pale.